Fleksipleti Iliyopasuka: Jinsi ya Kuitambua, Kuibadilisha na Kuinusuru Giaboksi ya Otomatiki Kwenye Magari ya Porini

Gari la 4x4 lenye giaboksi ya otomatiki likianza kugonga chini ya sakafu, gereji nyingi hutoa hukumu moja kati ya mbili: ama beringi za koni rodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) zimekwisha, ama giaboksi imekufa. Wakati mwingine hukumu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, kati ya injini na giaboksi kuna sahani ya chuma yenye unene wa milimita chache tu, ambayo ikipasuka hutoa mlio unaofanana sana na wa koni rodi, na ikivunjika kabisa huliacha gari likinguruma bila kusogea, mithili ya gari ambalo giaboksi yake imeungua. Sahani hiyo ni fleksipleti. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na injini au giaboksi, lakini kuifikia ni kazi ya siku nzima au zaidi. Kwa hiyo, anayeamua kuishusha giaboksi anapaswa kuwa na hakika juu ya anachokitafuta na, zaidi ya hapo, kujua ni kitu gani kilichoivunja, kwa kuwa fleksipleti mpya ikifungwa juu ya tatizo la zamani itapasuka kama ile ya kwanza.

Mwongozo huu unayahusu hasa magari yanayoonekana sana kwenye barabara mbovu za Afrika Mashariki, kama vile Land Cruiser Prado, Hilux Surf, Pajero, Patrol na Jeep Cherokee, ingawa kanuni zake ni zilezile kwa karibu kila gari lenye torki konveta, yaani kile chombo cha mviringo kinachopitisha nguvu ya injini hadi kwenye giaboksi kwa njia ya mafuta.

Kazi ya fleksipleti na sababu ya udhaifu wake

Gari la gia za mkono lina flaiwili nzito ya chuma ambayo klachi hufungwa juu yake. Kwenye otomatiki uzito huo hubebwa na torki konveta iliyojaa mafuta, kwa hiyo flaiwili haihitajiki. Mahali pake huwekwa sahani nyembamba ambayo katikati hufungwa kwa bolti kwenye mkia wa krenki, upande wa nje hufungwa kwenye konveta, na kwenye ukingo wake huwa na meno ambayo stata huyashika wakati wa kuwasha. Sahani hii imetengenezwa kwa makusudi ili iweze kupinda kidogo, kwa sababu konveta hutanuka na kusogea kidogo mbele na nyuma kadiri shinikizo la mafuta linavyobadilika ndani yake.

Inachovumilia ni kupinda kwa namna hiyo. Isichovumilia ni kulazimishwa kupinda upya katika kila mzunguko kwa sababu injini na giaboksi hazikukaa kwenye mstari mmoja. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, fleksipleti iliyofungwa upande hupindwa na kunyooshwa mara 2,500 kwa dakika hiyo, na chuma chochote kikitendewa hivyo hatimaye huchoka. Mpasuko huanzia kwenye tundu la bolti za krenki, ukaambaa kutoka tundu moja hadi jingine, mpaka kitovu cha sahani kikatengana na sehemu ya nje.

Hatua ya kwanza: kuusikiliza mlio kabla ya kugusa spana

Anza na mambo ya kipuuzi, kwa kuwa ndiyo yanayosahaulika. Chini ya belihauzingi, yaani kile kichwa cha giaboksi chenye umbo la kengele, kuna kifuniko chembamba cha bati au plastiki cha kuzuia vumbi. Kikigongwa na jiwe hupinda na kuanza kukwaruza fleksipleti, na kikipotea huruhusu kokoto na matope makavu kuingia. Mlio unaotokana na hayo huisha kwa kukinyoosha kifuniko au kuosha matope, na si busara kumlipa mtu fedha za kushusha giaboksi kabla ya kulikagua jambo hilo.

Baada ya hapo, washa injini, kanyaga breki barabara, na umwombe mwenzako asikilize kwa bisibisi ndefu ambayo ncha yake imegusa chuma na mpini wake umegusa sikio. Aanze kwenye sampo ya injini, yaani karai la oili lililo chini yake, kisha asogee hadi belihauzingi. Mlio wa fleksipleti huwa mkali zaidi kwenye belihauzingi, husikika sana injini ikiwa saileni (ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), na mara nyingi hubadilika, kwa kupungua au kuongezeka, unapotoa gia N (huru) na kuweka D (mbele) au R (nyuma), kwa sababu mzigo unaopita kwenye sahani umebadilika. Unapoizima injini, wakati inapotikisika mara ya mwisho kabla ya kusimama, husikika kama bati linalopigwa. Mlio wa koni rodi haujali sana umeweka gia gani. Unafuata mzigo wa injini, na husikika zaidi unapokanyaga mafuta.

Kipo kipimo kingine kinachozitenganisha hali hizi mbili vizuri zaidi kuliko sikio. Kata umeme wa injekta moja au plagi moja kwa wakati, silinda moja baada ya nyingine, huku injini ikiwa saileni. Beringi ya koni rodi ikiwa imekwisha, mlio utapungua au kubadilika waziwazi pindi silinda hiyo inapokosa kuchoma mafuta. Fleksipleti haifungamani na silinda yoyote, kwa hiyo mlio wake hauonyeshi upendeleo wa namna hiyo. Ongeza na ukaguzi wa oili ya injini: chembe za rangi ya shaba zikionekana kwenye filta iliyokatwa, tatizo ni beringi, na hapo habari ya fleksipleti iwekwe kando kwanza.

Dalili nyingine ni stata inayosaga au kuruka meno, mtetemo unaoongezeka kadiri injini inavyozunguka hata gari likiwa limesimama na, kwenye baadhi ya magari, injini kuzimika ghafla bila sababu inayoeleweka. Kwenye Jeep Cherokee ya injini ya lita 4.0, kwa mfano, sensa ya krenki husoma alama zilizo kwenye fleksipleti yenyewe, kwa hiyo sahani ikiyumba, kompyuta hupoteza hesabu ya mzunguko. Sahani inapokatika kabisa katikati, stata hulizungusha duara la nje pekee, krenki isigeuke. Ikikatika wakati injini inafanya kazi, injini huendelea kunguruma na gari husimama, kwa kuwa hata pampu ya mafuta ya giaboksi, ambayo huendeshwa na konveta, haizunguki tena.

Hatua ya pili: kuona kwa macho

Tenganisha betri, ondoa kifuniko cha vumbi na, ikibidi, stata. Izungushe krenki polepole kwa spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele, kwa uelekeo wa mzunguko wa injini, huku ukiangaza ndani kwa tochi na kioo kidogo. Kamera nyembamba ya waya inayounganishwa na simu hurahisisha sana kazi hii, kwa sababu mipasuko mingi iko katikati, nyuma ya kivuli cha konveta, mahali ambapo jicho halifiki.

Tafuta vumbi jekundu laini, mfano wa unga wa kutu, lililotapakaa kama miale kutoka kwenye vichwa vya bolti. Hutokea pale vyuma viwili vilivyopaswa kubanana vinaposuguana, nalo ni ushahidi wenye nguvu hata kama mstari wa mpasuko wenyewe hauonekani. Hakikisha bolti za konveta zimekaza. Moja ikilegea hutoa mlio uleule, na kuikaza kwa kipimo sahihi kunaweza kuwa ndiyo tiba yote. Kisha isukume kwa upole sehemu ya nje ya sahani kwa mtaimbo mdogo. Ikicheza ilhali krenki imetulia, jibu limepatikana.

Onyo moja lazima litolewe hapa. Mafundi wengi hupenda kuijaribu giaboksi kwa kukanyaga breki, kuweka D na kubonyeza mafuta hadi mwisho. Kipimo hicho kina nafasi yake, na maelekezo ya Toyota yanataka kisizidi sekunde 5, mafuta ya giaboksi yakiwa kati ya nyuzi 50 na 80. Lakini unapoishuku fleksipleti, usikifanye kabisa, kwa sababu kinaipa sahani mzigo mkubwa kuliko karibu yote inayoupata barabarani, na mpasuko mdogo unaweza kugeuka vipande vinavyoruka ndani ya belihauzingi.

Hatua ya tatu: kuihoji giaboksi kabla ya kuishusha

Kwa kuwa giaboksi itashuka, ni vyema kujua hali yake mapema. Chukua mafuta kidogo kutoka kwenye kijiti au tundu la kupimia. Mekundu na maangavu ni mazuri. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua yanaonyesha kwamba sahani za klachi za ndani zimeteseka. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa ya kuganda, maji yameingia. Chanzo kimoja ni kuvuka mto giaboksi ikiwa ya moto: hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia bomba la kupumulia. Chanzo cha pili ni rejeta. Magari mengi hupozea mafuta ya giaboksi ndani ya tangi la rejeta, na ukuta unaoyatenga ukitoboka, maji ya kupozea huingia kwenye giaboksi. Nissan Pathfinder za miaka ya 2005 hadi 2010 zilijulikana sana kwa tatizo hilo. Maji hulegeza gundi inayoshikilia utando wa sahani za klachi, kwa hiyo kubadilisha mafuta peke yake, baada ya gari kutembea muda mrefu katika hali hiyo, mara nyingi ni kujifariji.

Fungua sampo ya giaboksi utakapomwaga mafuta. Ute wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa si vya kawaida, na mwenye gari aambiwe kabla gharama haijaanza kupanda.

Hatua ya nne: kushusha

Sehemu hii ni ya nguvu kuliko ya maarifa. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si jeki tupu. Propela zote mbili, yaani mihimili inayopeleka nguvu kwenye ekseli za mbele na nyuma, ziwekewe alama ya rangi kabla ya kufunguliwa ili zirudi zilivyokuwa. Mabomba ya mafuta yazibwe midomo mara yanapotolewa. Giaboksi ikiwa pamoja na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma) huzidi kilo 100, kwa hiyo jeki maalumu ya giaboksi inahitajika, si mabega ya vijana wawili.

Jambo moja tu halisameheki hapa: bolti za konveta zifunguliwe zote kupitia tundu la chini kabla ya kuivuta giaboksi, kisha konveta isukumwe nyuma ili itoke pamoja nayo. Ikiachwa ining'inie kwenye fleksipleti, uzito wake hupinda sahani na kuharibu sili ya pampu.

Hatua ya tano: kuusoma mpasuko

Hapa ndipo fundi mzuri anapotofautiana na mbadilisha vipuri. Sahani iliyopasuka hueleza ilivyokufa, na mahali pa mpasuko ni sehemu ya maelezo hayo. Mpasuko unaozunguka bolti za krenki mara nyingi hutokana na injini na giaboksi kutokaa mstari mmoja, au bolti kukazwa bila mpangilio. Mpasuko ulio karibu na bolti za konveta huelekeza kwenye bolti zilizolegea au konveta isiyokaa sawa. Meno yaliyolika upande mmoja ni kazi ya stata.

Angalia pini za mwongozo, zile mbili fupi zilizo nyuma ya bloku ambazo huipa belihauzingi mahali pake kamili. Gari lililowahi kubadilishiwa injini, jambo la kawaida sana kwa magari yanayokuja yakiwa yametumika, mara nyingi huwa limepoteza pini moja au zote, kwa kuwa injini ya mtumba ilifika bila nazo na hakuna aliyejali. Bolti za belihauzingi hukaza, lakini haziwezi kuiweka giaboksi katikati. Hiyo ni kazi ya pini. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kutafutwa pale gari linapovunja fleksipleti kwa mara ya pili. Safisha pia nyuso zote mbili zinazokutana, kwa sababu kipande cha matope makavu kilichobanwa upande mmoja hutosha kuiweka giaboksi mshazari.

Kagua mauntingi (vishikio vya mpira) za injini na giaboksi, kisha pima mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma. Kwenye injini nyingi, ukizidi takriban milimita 0.3, beringi ya kuzuia msukumo imekwisha, na huenda konveta iliyovimba ndiyo iliyoisukuma.

Watu huuliza kama sahani iliyopasuka inaweza kuchomelewa. Isichomelewe. Joto hulipinda bati na kukifanya chuma cha pembeni ya weldi kuwa kigumu na chepesi kukatika, hivyo mpasuko mpya huanzia hapohapo. Wala usichukue sahani ya injini nyingine kwa sababu tu matundu yanalingana. Baadhi zina uzito wa kusawazisha injini mahususi.

Hatua ya sita: kufunga kwa kupima

Safisha mkia wa krenki, rudisha vibati vya mbele na vya nyuma kwa upande uleule vilivyotoka, tumia bolti mpya na gundi ya nyuzi pale mtengenezaji anapoelekeza, na ukaze kwa mtindo wa nyota, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Kisha weka geji ya sindano (ya kupimia mtikisiko mdogo) ukingoni mwa sahani na uizungushe krenki mzunguko mmoja mzima. Kwa magari mengi ya Toyota, mpepeo, yaani kuyumba kwa sahani inapozunguka, haupaswi kuzidi milimita 0.20. Ukizidi, fungua utafute uchafu au kibati kilichogeuzwa kabla ya kuilaumu sahani mpya.

Konveta ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi. Inapoingizwa kwenye giaboksi hushika mahali patatu: mhimili wa kuingiza nguvu, mhimili wa steta (sehemu ya katikati ya konveta inayoelekeza mafuta), na pampu ya mafuta. Mimina kwanza mafuta ndani yake, kisha iingize ukiizungusha na kuisukuma taratibu mpaka isikike ikidondoka hatua kwa hatua. Usiamini mkono pekee. Weka rula ndefu juu ya mdomo wa belihauzingi na upime kina hadi kwenye sehemu za bolti za konveta, ukilinganisha na kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Giaboksi ikipandishwa, belihauzingi lazima ikutane na bloku kwa kusukumwa kwa mkono. Ikibaki nafasi, hata ya upana wa kidole, na fundi akaanza kuivuta kwa bolti, konveta haijaingia kwenye pampu, na kila mzunguko wa spana unaipasua pampu hiyo. Simama, shusha, anza tena. Ikishafungwa vizuri, konveta inapaswa kuzunguka kwa uhuru kwa mkono na kubaki na nafasi ndogo, kwa kawaida milimita 3 hadi 5, kati yake na fleksipleti, kabla ya kuvutwa mbele kwa bolti zake. Bolti hizo ziwe za urefu wake halisi, kwa kuwa ndefu mno huuvimbisha uso wa konveta na kuharibu klachi ya ndani. Kwenye baadhi ya giaboksi za Toyota, bolti moja kati ya sita ina rangi tofauti, nayo ndiyo hutangulia.

Hatua ya saba: mafuta na majaribio

Mafuta yafuate maandishi ya giaboksi, si ya chupa inayodai kufaa kwa magari yote. Giaboksi za zamani za Toyota kama A340F hutumia mafuta ya aina ya Dexron, ilhali A750F ya Prado 120 hutumia Toyota WS. Giaboksi hiyo ya pili haina kijiti. Kiwango hupimwa kwa tundu la chini, injini ikiwa inafanya kazi na mafuta yakiwa na joto la takriban nyuzi 46 hadi 56. Ukipima yakiwa baridi utajaza kupita kiasi, na ukipima yakiwa ya moto sana utapunguza.

Washa injini bila kuipa mwendo, pitisha gia zote polepole, kisha pima muda wa kuitikia. Kutoka N kwenda D, giaboksi nyingi za Toyota zinapaswa kushika ndani ya sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R ndani ya sekunde 1.5.

Uendeshaji unaovunja

Mkosaji mkubwa zaidi ni ule mchezo wa kujinasua kwenye tope kwa kurusha D na R kwa zamu huku mafuta yamekanyagwa. Gurudumu linalozunguka hewani kisha likadaka mwamba ghafla hufanya madhara yaleyale: nguvu yote ya injini hurudi kwa pigo moja kupitia transfa, giaboksi, konveta, hadi kwenye sahani. Punguza mafuta kabla gurudumu halijatua, na kati ya D na R liache gari lisimame kabisa.

Joto nalo huua taratibu. Konveta inapoteleza, kama inavyofanya kwenye mchanga mzito au mlima mkali kwa mwendo mdogo, nguvu inayopotea hugeuka joto ndani ya mafuta. Weka gia ya chini ya transfa mapema, kabla gari halijaanza kuhangaika, kwa sababu huiruhusu injini kuzunguka kwa kasi huku konveta ikiteleza kidogo. Wenye fani husema kwamba kila nyuzi 10 juu ya joto la kawaida la kazi, ambalo ni takriban 80 hadi 95, hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Taa ya onyo ya joto la giaboksi huwaka kwa kuchelewa mno, kwa hiyo kwa anayevuta trela au kuishi kwenye mchanga, geji ya joto na rejeta ya ziada ya mafuta ni matumizi ya fedha yenye maana kuliko matairi makubwa, ambayo kwanza huongeza mzigo.

Sahani ikikatika mbali na mji, gari lipandishwe kwenye lori. Lori lisipopatikana, fungua propela zote mbili kabla ya kulivuta, kwa kuwa pampu ya giaboksi haifanyi kazi na mihimili ya ndani itazunguka bila mafuta. Baada ya matengenezo, rudi chini ya gari gari likishatembea kilomita 1,000 hivi: kagua bolti za konveta kupitia tundu la ukaguzi, pima tena kiwango cha mafuta, na uangaze tochi kwenye vichwa vya bolti kutafuta lile vumbi jekundu. Likionekana tena, kagua upya pini na mpepeo kabla ya kuagiza sahani nyingine.